Je, China iliipita Marekani kwa kuagiza mbao laini?

Msomaji anayesomea uchumi wa misitu ameniandikia hivi: "Nimechora grafu ya mbao laini, yaani za paini, sprusi na miti ya jinsi hiyo, zilizoagizwa na Marekani na China kuanzia 1995. Mstari wa Marekani unapanda hadi 2005, unaporomoka hadi 2009, kisha unarudi juu taratibu bila kufika ulipokuwa. Wa China umelala chini miaka mingi, unapaa baada ya 2008, na mwaka 2019 kwenye grafu yangu uko juu ya ule wa Marekani. Mwenzangu kachora kitu hicho hicho, na kwake Marekani haijapitwa hata mwaka mmoja. Nani yuko sahihi? Na mistari hii niielezeje?"

Ndugu, nyote wawili mmetumia namba za kweli. Kilichowatenganisha ni kipimo, nami nitaanza hapo kwa sababu kipimo hiki kimewapoteza hata wachambuzi wazoefu.

Wamarekani na Wakanada huhesabu mbao zao kwa bodi futi: kipande cha futi moja kwa futi moja chenye unene wa inchi moja. Kwa hesabu ya karatasi, bodi futi 1,000 ni mita za ujazo 2.36. Lakini chukua futi kamba ukapime mbili kwa nne inayouzwa Marekani. Haina inchi mbili, wala haina inchi nne. Ikishakaushwa kwenye tanuri na kupigwa randa pande zote, inabaki inchi moja na nusu kwa tatu na nusu, ilhali kwenye vitabu vya muuzaji bado ni 2 kwa 4. Kichwa cha ubao kina inchi za mraba 5.25 badala ya 8, chini kidogo ya theluthi mbili. Kwa hiyo bodi futi 1,000 za mbili kwa nne zina mti halisi wa mita za ujazo 1.55 hivi, na za mbili kwa sita 1.62 hivi. Ndiyo maana wako wanaogeuza kwa 2.36 na wako wanaogeuza kwa 1.6, na kila mmoja ana hoja yake: wa kwanza anafuata ankara, wa pili anafuata mti uliomo ndani ya ubao.

Sasa rudi 2019. Marekani iliagiza takriban bodi futi bilioni 15. Ukizidisha kwa kigezo cha kwanza unapata mita za ujazo milioni 35 na ushei. Kwa cha pili, milioni 24. China mwaka huo iliagiza mbao laini kati ya milioni 25 na 30, na sehemu kubwa ilitoka Urusi, ambako mbao huuzwa kwa milimita zake halisi. Bila shaka wewe umetumia kigezo kidogo na mwenzako kikubwa. Mimi niko upande wako, kwa sababu unalinganisha nchi moja inayopima mti na nyingine inayopima jina la ubao, na njia ya haki ni kuziweka zote kwenye mti. Kwa kipimo hicho, ndiyo, mwaka 2019 China ilikuwa juu kidogo. Lakini mwaka 2005 Marekani iliagiza zaidi ya bodi futi bilioni 24, karibu mita za ujazo milioni 39 kwa kigezo chako, na China haijawahi kufika huko. Andika kigezo ulichotumia chini ya grafu, usimwachie msomaji wako akibuni.

Kabla hatujaingia kwenye sababu, kagua pia namba za forodha, zile zinazotambulisha kila aina ya bidhaa mpakani. Hadi 2016 mbao laini zote zilikaa chini ya namba moja, 4407.10. Mwaka 2017 ilivunjwa: 4407.11 kwa paini, 4407.12 kwa sprusi na wenzake, 4407.19 kwa zilizobaki. Mwaka 2022 zikaongezwa 4407.13 na 4407.14 kwa mbao zinazouzwa zikiwa mchanganyiko wa aina hizo. Mbao za Kanada nyingi ni za mchanganyiko, kwa hiyo sehemu yake ilihamia 4407.13. Mtu anayeendelea kujumlisha namba tatu za zamani ataona uagizaji wa Marekani ukianguka vibaya mwaka 2022, na ataanza kutafuta sababu ya jambo ambalo halikutokea. Jumlisha zote tano.

Haya, tuje kwenye mistari yenyewe. Ninachotaka ukishike ni kwamba takwimu ya mbao zilizoagizwa hukuambia msumeno uko upande gani wa mpaka kabla haijakuambia nchi inatumia mti kiasi gani. Gogo likipasuliwa nje, linaingia kama mbao na mstari wako unapanda. Likipasuliwa ndani, linaingia kama gogo na mstari wako haulioni kabisa. Katika miaka hii thelathini misumeno ya China na ya Marekani imehama, na imehama kwa kupishana.

Tuanze na jambo linalozifananisha nchi hizi, kwa kuwa watu wengi hulipita. Zote mbili zilianza kuagiza zaidi baada ya kulinda misitu yao wenyewe. Marekani, mwezi Juni 1990, iliingiza aina moja ya bundi wa misitu ya zamani ya kaskazini magharibi kwenye orodha ya viumbe walio hatarini, na kufikia mpango wa misitu wa 1994 ukataji kwenye ardhi ya serikali kuu huko Oregon na Washington ulikuwa umeshuka sana. Viwanda vilivyotegemea magogo hayo vikafungwa, na Kanada ikajaza pengo. Kwa China ni mafuriko ya mto Yangtze ya mwaka 1998, yaliyoua watu zaidi ya 3,000. Serikali iliona milima iliyokatwa miti kwenye vyanzo vya mto kuwa sehemu ya chanzo cha maafa yale, ikapiga marufuku ukataji katika sehemu kubwa ya misitu ya asili, na Januari 1999 ikaondoa ushuru wa kuingiza magogo na mbao. Marufuku hiyo iliendelea kupanuliwa, na mwaka 2017 ukataji wa kibiashara ukasimamishwa katika misitu ya asili ya nchi nzima. Hata sisi huku jirani tumeliona: Kenya iliposimamisha ukataji katika misitu ya umma Februari 2018, mahitaji ya mbao hayakupungua, yakahamia kwa paini ya Tanzania na kwingineko. Mahitaji ya ujenzi hayasomi gazeti la serikali.

Kama nchi zote mbili zilijifungia misitu, kwa nini mstari wa Marekani ulipanda mara moja na wa China ukalala mpaka 2008? Hapa ndipo magogo yanapoingia.

China ilichagua kuagiza magogo. Ilikuwa na viwanda, ilikuwa na vibarua, na jirani yake Urusi alikuwa anauza gogo kwa bei nafuu. Mji wa Manzhouli, mpakani mwa Mongolia ya Ndani na Siberia, unakuonyesha mambo yalivyokuwa. Reli ya Urusi ina upana wa milimita 1,520 na ya China 1,435, kwa hiyo mzigo ulilazimika kushushwa na kupakiwa upya. Gogo likishashushwa chini, kwa nini lisipasuliwe hapo hapo? Mashine za kupasua mbao zikajipanga kandokando ya reli, na katika mji wa mpakani wa Suifenhe, upande wa mashariki, hivyo hivyo. Katika miaka yote hiyo China ilikuwa ikimeza misitu ya Urusi kwa mamilioni ya mita za ujazo, na grafu yako ya mbao inaonyesha nchi iliyolala.

Kisha Urusi ikaona inapoteza kazi. Ushuru wake wa kutoa magogo nje ulikuwa asilimia 6.5, Julai 2007 ukapandishwa hadi 20, Aprili 2008 hadi 25, na ikatangazwa kuwa mwaka 2009 utafika 80. Huo wa 80 uliahirishwa, lakini wafanyabiashara walikuwa wameshausikia ujumbe. Wachina wakavuka mpaka na mitaji yao, wakafungua viwanda vya kupasua upande wa Siberia, na mti ule ule uliokuwa ukiingia Manzhouli ukiwa gogo ukaanza kuingia ukiwa ubao. Tazama mwaka ambao mstari wako unapaa. Sehemu kubwa ya ule mwinuko ni msumeno uliovuka mto Amur, wala si nyumba mpya. Urusi ilimalizia kazi hiyo tarehe 1 Januari 2022 ilipopiga marufuku kabisa kusafirisha nje magogo ya miti laini ambayo hayajachakatwa.

Kwa hiyo, ukitaka kujua mahitaji ya China, chora mstari wa pili: magogo pamoja na mbao, vyote kwa ujazo wa gogo. Kanuni ya kazi ni kwamba mita moja ya mbao hutokana na karibu mita mbili za gogo. Ukifanya hivyo utaona China ikipanda tangu 1999 bila kungoja 2008. Utaona pia jina ambalo halimo kabisa kwenye grafu yako ya sasa: New Zealand. Paini yake ya radiata, ambayo imepandwa na watu na hukomaa kwa miaka chini ya thelathini, ndiyo iliyochukua nafasi ya gogo la Urusi, na leo New Zealand ndiyo muuzaji mkuu wa magogo laini kwa China. Hesabu hiyo ikikamilika, swali la nani kampita nani linabadilika kabisa, maana Marekani haiagizi magogo kwa wingi. Kwa ujazo wa mti wote unaoingia, China iliipita Marekani mapema zaidi ya 2019, na wala haikuwa kwa kidogo.

Marekani nayo iliagiza mbao zilizopasuliwa tangu mwanzo. Kanada ina misitu mingi karibu, ina viwanda vyake, na barabara na reli zinaungana. Mtumiaji mkuu ni nyumba ya familia moja, ambayo kule husimikwa kwa mbao: kuta ni mbili kwa nne na mbili kwa sita zilizosimamishwa, na juu yake kenchi. Ndiyo sababu mstari wa Marekani hufuata idadi ya nyumba zinazoanzwa kama kivuli. Mwaka 2005 zilianzwa nyumba zaidi ya milioni 2. Mwaka 2009, baada ya mikopo ya nyumba kuanguka, zilianzwa kama 554,000 tu, na uagizaji ukaporomoka hadi karibu bodi futi bilioni 9. Bonde lililo katikati ya grafu yako ndilo hilo, na halihitaji maelezo mengine.

Kinachohitaji maelezo ni kwa nini mstari haukurudi ulipokuwa. Nyumba zilirudi kwa kiasi, lakini sehemu ya Kanada katika mbao laini zinazotumika Marekani, iliyokuwa theluthi moja hivi, leo iko karibu na robo. Sababu ya kwanza ni ugomvi wa ushuru ulioanza 1982 na haujaisha. Sehemu kubwa sana ya misitu ya Kanada ni mali ya umma, na serikali za majimbo ndizo zinazopanga ada ya kukata miti. Wenye viwanda wa Marekani, ambao wengi hununua miti kutoka mashamba ya watu binafsi, husema ada hiyo ni ndogo mno na ni ruzuku iliyojificha. Kanada inakataa. Kati yao zimepita awamu tano za mashauri na mapatano. Mkataba wa 1996 uliruhusu bodi futi bilioni 14.7 kwa mwaka kutoka majimbo manne bila ada, ukaisha 2001. Mwaka 2002 ukaja ushuru wa wastani wa asilimia 27. Mkataba wa 2006 uliwarudishia Wakanada takriban dola bilioni 4 kati ya bilioni 5 walizokuwa wamelipa, ukaisha Oktoba 2015. Mwaka 2017 ushuru ukarudi, wastani wa asilimia 20, ukashuka hadi chini ya 9 mwaka 2022, na mwaka 2025 ukapandishwa hadi asilimia 35.

Weka alama za miaka hiyo kwenye mhimili wa chini wa grafu, lakini usitegemee kuona mstari ukikatika kila penye alama. Ushuru hufanya kazi polepole. Mwenye kiwanda cha British Columbia, jimbo la magharibi mwa Kanada, ambaye mashine yake imeshalipiwa na wafanyakazi wako kazini ataendelea kuuza hata faida ikimong'onyoka, mpaka siku atakapofunga moja kwa moja. Kwa hiyo mwaka wa kwanza wa ushuru unauona kwenye faida za kampuni, na miaka mitano baadaye ndipo unauona kwenye ujazo.

Sababu ya pili haitajwi sana, nami naiona kubwa kuliko ya kwanza: msumeno ulihama tena, safari hii kuelekea ndani. Kampuni kubwa za Kanada kama West Fraser, Canfor na Interfor zilinunua viwanda kusini mwa Marekani, Georgia, Alabama na majimbo jirani, ambako paini ya kupandwa ni tele na hakuna ushuru wa mpakani. Ubao unaotoka kwenye kiwanda hicho una mwenye mali Mkanada, lakini kwa forodha ni wa Marekani na hauingii kwenye mstari wako. Linganisha sasa na Manzhouli. Kwa China msumeno ulitoka nje, mstari ukapaa. Kwa Marekani msumeno uliingia ndani, mstari ukabaki chini. Ukilitia jambo hili moja kwenye maandishi yako, umeshaeleza sehemu kubwa ya tofauti ya mistari hiyo baada ya 2008.

Kuna sababu ya tatu, nayo ni mdudu. Mbawakawa mdogo wa paini, asiyezidi punje ya mchele, alianza kuenea British Columbia mwishoni mwa miaka ya 1990. Zamani baridi kali ilikuwa ikiwaua mabuu chini ya ganda; majira ya baridi yalipolegea wakapona wengi, na misitu ya hekta zipatazo milioni 18 ikaguswa. Mti uliokufa hivyo hufaa kupasuliwa kwa miaka michache tu kabla haujapasuka na kukauka mno, kwa hiyo viwanda vilikata kwa haraka wakati ule ule Marekani ilipoacha kujenga. Mbao hizo ziende wapi? Zikaenda China. Kanada ilikuwa imeshaanza kulitafuta soko lile, na kufikia 2011 mbao za British Columbia zilizouzwa China zilipita dola bilioni 1. Huo ndio wakati pekee katika grafu yako ambapo mistari miwili inafungamana moja kwa moja: mti uliopungua kwa mmoja ukaongezeka kwa mwingine. Baadaye miti iliyouawa ikaisha, na viwanda vingi vya jimbo hilo vikafungwa. Urusi ikaipita Kanada katika soko la China.

Ujerumani ilipitia hali ya jinsi hiyo baada ya ukame wa 2018. Mbawakawa wa sprusi akaangamiza misitu ya katikati ya Ulaya. Magogo yaliyookolewa yalipakiwa kwenye makontena ambayo yangerudi China matupu, na mbao zilizopasuliwa huko huko Ujerumani zikavuka Atlantiki kwenda Marekani, ambako ushuru dhidi ya Kanada ulikuwa umeacha nafasi. Tukio moja, nchi zako mbili, maumbo mawili tofauti ya mti. Mwenye grafu ya mbao pekee ataiona nusu ya Marekani na kuikosa nusu ya China.

Miaka ya karibuni China nayo imeanza kushuka. Hapo angalia matumizi. Majengo ya China ni maghorofa ya zege. Mbao laini nyingi hutumika kushikilia zege mpaka ligande, kisha hubanduliwa, hutumika tena mara kadhaa na kutupwa. Nyingine huenda kwenye samani, milango na vifungashio. Mnara wa zege ukisimama kujengwa, ubao wa kushikilia zege hauna kazi. Agosti 2020 serikali iliwabana wajenzi wakubwa wasikope kupita kiasi, mwaka 2021 kampuni ya Evergrande, mmoja wa wajenzi hao, ikashindwa kulipa madeni, na eneo la majengo mapya yanayoanzwa kwa mwaka likapungua kwa zaidi ya nusu kati ya 2021 na 2024. Mbao na magogo vyote vimeshuka pamoja, na kushuka huku ni kwa mahitaji kweli. Hapa msumeno haukuhama.

Mambo mawili ya kazi kabla hujarudi mezani. Usitumie thamani ya dola badala ya ujazo. Aprili 2020 bei ya mikataba ya mbao Marekani, ile ya kununua leo mzigo wa kupokea baadaye, ilikuwa chini ya dola 300 kwa bodi futi 1,000. Mei 2021 ilivuka 1,600. Grafu ya dola itakuonyesha Marekani ikifurika mbao mwaka huo, wakati ujazo ulisogea kidogo tu. Na kwa biashara ya Urusi na China baada ya Aprili 2022, chukua namba za forodha ya China, kwa kuwa Urusi iliacha kutoa takwimu zake za kina. Kwa miaka ya nyuma ni vizuri kuweka zote mbili kando kwa kando: kile Urusi ilichosema imetoa na kile China ilichosema imepokea. Pengo kati yao lina mengi ya kukufundisha.

Nukta ya 2025 ichore, lakini usijenge hoja juu yake. Mwezi Machi China ilisimamisha magogo ya Marekani kwa madai ya wadudu, na Oktoba Marekani ikaongeza asilimia 10 nyingine juu ya mbao laini, kwa hiyo Mkanada alifunga mwaka akikabiliwa na asilimia 45 hivi. Waagizaji wanaojua ushuru unakuja hujaza maghala mapema, kama walivyofanya mkataba wa 2006 ulipoisha. Jumla ya mwaka mzima itachanganya miezi ya kujaza na miezi ya kufunga. Ukipata namba za mwezi kwa mwezi, tumia hizo kwa 2025 peke yake.

Na sentensi yako ya 2019 iandike hivi: kwa ujazo halisi wa mbao zilizopasuliwa, China iliizidi Marekani kidogo, kwa mti wote ulioingia, magogo yakiwemo, ilikuwa imeshaipita miaka kadhaa nyuma. Mwenzako mpe kigezo cha 1.6 achore upya, mtakutana.